Wachoraji wa pale juu Makoroboi: siku ya demo wahi, siku ya kikao nenda umeshakula

Nina miezi saba na hawa watu kwa hiyo siongei kwa kusikia. Ni kikundi cha wachoraji, wanakutana ghorofani Makoroboi, hapa Mwanza mjini, juu ya maduka ya vitambaa, unapita katikati ya machinga wa mitandio, unapanda ngazi nyembamba zenye mabelo ya vitenge kila kona, huko juu kuna chumba kimoja kirefu chenye madirisha matatu na feni moja ambayo ikiwaka ni kelele tu upepo hamna. Kujiunga 20,000, halafu kila mwezi 10,000. Kama sio mwanachama unakuja siku ya demo tu, unatoa buku tano unakaa unaangalia. Mi nina kaduka ka steshenari na fotokopi Mkolani, uchoraji sijasomea popote, mara ya mwisho kushika brashi ilikuwa shule ya msingi tunapaka mawe chokaa kabla mgeni hajaja, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayejifunza.

Nianze na demo maana ndo kitu pekee pale ambacho wangeniambia lipia mara mbili ningelipa.

Ni Jumamosi ya tatu ya mwezi, saa nane mchana. Kuna mzee tunamwita Mwalimu, anakaa mbele karibu na dirisha, anachora kitu kimoja kwa rangi ya mafuta kuanzia kitambaa cheupe mpaka pale atakapoishia, na anaongea muda wote anachora. Hiyo ya kuongea ndo umelipia. Video za watu wanaochora zimejaa kwenye simu lakini zile zimekatwa, unaona mkono unaenda fasta na muziki nyuma, mtu hakosei. Mwalimu anakosea mbele yako, anakuambia "hapa nimeharibu", anafuta na tambara, anarudia, na wewe umekaa mita moja kutoka kwake.

Demo yangu ya kwanza alileta sato wawili. Kawanunua asubuhi Mwaloni Kirumba, kawalaza kwenye sinia lile la enameli lenye maua mekundu ambalo nadhani kila nyumba Usukumani lipo, akaligeuzia mwanga. Kwanza akachora umbo kwa rangi ya udongo wa kahawia wanaiita amba, kaiyeyusha na tapentaini mpaka ikawa kama chai ya rangi, mistari sita saba tu, pale penye mwanga akafuta na tambara. Sasa sisi wote tukajua anaenda kwenye magamba maana ndo kazi kubwa. Akaenda kwenye jicho. Akasema jicho la samaki ndo saa yake, saivi limejaa linang'aa, baada ya saa mbili litakuwa limezama lina ukungu, mkia utausubirisha hata mpaka jioni lakini jicho halikusubiri wewe.

Na kweli, ilipofika saa kumi nikaangalia lile jicho kwenye sinia na lile la kwenye picha, la kwenye picha ndo lilikuwa hai.

Kitu kingine kilichoniacha mdomo wazi ni kijivu. Mi nilijua kijivu ni nyeusi changanya nyeupe, basi. Mzee hana nyeusi kabisa kwenye paleti yake, kile kibao cha kuchanganyia rangi. Anachukua bluu ya ultramarini anaichanganya na ile amba, inatoka giza moja zito kuliko nyeusi ya kopo, halafu akiweka nyeupe ndo anaanza kucheza nayo, akizidisha bluu kijivu kinakuwa cha baridi, akizidisha amba kinakuwa cha joto. Mgongo wa sato akaupa kijivu cha baridi, tumbo akalipa cha joto na njano ya oka, ile ya udongo, kidogo sana. Ile mistari ya kusimama ya kwenye mkia hakuipaka, aligeuza brashi akakwangua na ncha ya mpini rangi ikiwa mbichi, yani mistari ilitokea kwa kuondoa rangi sio kwa kuongeza. Mwisho kabisa ule mng'ao wa maji mgongoni, akachota nyeupe na ncha ya kisu cha rangi, akagusa mara moja, akashusha mkono. Chumba kizima kimya. Kijana mmoja nyuma akasema "mh", na hiyo ndo ilikuwa makofi.

Sijasema harufu. Samaki kwa masaa matatu juu ya ghorofa la bati, feni ile ile, nzi wakapata taarifa, paka wa duka la chini akapanda ngazi akakaa mlangoni kwa adabu zote kama mwanachama aliyelipa ada. Mama mmoja akawafunga wale sato kwenye mfuko akasema ni wa kuku wake, hatukumhoji. Kwa hiyo mkija demo ya samaki kaeni karibu na dirisha, huo ndo ushauri wangu wa kwanza.

Sasa kuna jambo inabidi nilieleze maana liliniaibisha. Walipotangaza "darasa la rangi ya mafuta" mi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kopo la rangi ya mafuta, lita moja, nyekundu, ile ya kupaka milango na mageti. Si ndo tunaiita hivyo wote? Nimepanda nalo daladala, nimefika nimeliweka mezani kwa fahari. Mwalimu akaliinua akalisoma, hakucheka, waliocheka ni wengine. Akasema "dada hii nayo imeleta heshima, Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alikuwa anatumia rangi ya namna hii hii, juu ya hadibodi, amefariki 1972 na mpaka leo watu wanakula kwa staili yake". Halafu akanionyesha tofauti. Ile ya kopo inakauka haraka na inang'aa, unapaka umbo limekaa hivyo hivyo na kingo kali, ndo maana wale ndege na chui wa tingatinga wana mipaka safi. Hii ya tyubu ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, haina haraka, leo unaweka bluu kesho unaweka nyeupe pembeni yake unazilainisha pamoja mpaka huoni moja imeishia wapi. Kopo langu tulipakia mlango wa choo cha pale juu. Bado upo mwekundu, mtauona.

Na hiyo ya kutokuwa na haraka ndo imenishika mimi. Mtu wa duka hana saa mbili za mfululizo, unakaa dakika kumi anakuja wa kutoa kopi cheti cha kuzaliwa, dakika tano anakuja mwanafunzi wa chuo anataka kubaindi ripoti na kesho ndo mwisho wa kuwasilisha. Nilijaribu rangi za maji nyumbani, nikirudi nakuta imeshakauka na alama imebaki pale pale niliposimama. Mafuta nayaacha saa mbili, narudi yananisubiri, naendelea nilipoishia. Siku hizi nina kaubao kadogo nyuma ya mashine ya fotokopi na wateja wameshazoea kupokea chenji yenye alama ya bluu.

Ila kuwa haina haraka maana yake usidanganywe na jua. Nilianika picha yangu ya kwanza juu ya bati kama dagaa, nikijua jioni imekauka, nikakuta imejaa vumbi na mdudu mmoja amekufa kwenye mawingu. Mwalimu akaeleza kwamba haya mafuta hayakauki kama nguo, hakuna maji yanayotoka, yanavuta oksijeni kutoka hewani ndo yanagandamana, kwa hiyo yanataka hewa na siku, na kila rangi ina tabia yake. Amba inakauka mapema, ile nyeupe ya titaniamu inachelewa, wiki moja baada ya demo ya sato nilipita nikagusa pembeni, kahawia imeshika na nyeupe bado inanata. Vanishi ndo kabisa, picha ikikolezwa rangi anasema subiri miezi sita au zaidi.

Kutokana na hapo inakuja sheria yao kubwa ambayo utaisikia mpaka uiote: nyembamba chini, yenye mafuta mengi juu. Tabaka la kwanza linakuwa na tapentaini, kila unavyopanda unaongeza linsidi. Ukigeuza, juu panakauka kabla ya chini halafu chini pakija kujivuta juu panapasuka. Mwenzetu mmoja wa Magu akasema kumbe ni kama mbuga, ule udongo mweusi baada ya mvua, juu pamekauka unajua pamekauka, unakanyaga unazama, na kiangazi kikija panapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Mwalimu akaipenda hiyo, tangu siku ile anasema "usinitengenezee mbuga".

Vifaa ni gharama, nisiwafiche. Tyubu nzuri mara nyingi tunaagiza Dar au mtu anatoka nazo Nairobi, lakini hawakulazimishi ununue seti ya rangi ishirini na nne. Anasema anza na tano: nyeupe, njano ya oka, nyekundu moja, bluu ya ultramarini na amba. Kanvasi tunatengeneza wenyewe, na hapa kukaa juu ya maduka ya vitambaa ndo kunalipa, unashuka ngazi unanunua marekani nzito, unaivuta kwenye fremu ya mbao na misumari midogo, unapaka gundi ya mbao iliyoongezwa maji, ikikauka unapaka nyeupe ya maji mara mbili na kupiga msasa katikati. Usiruke hiyo ya gundi, linsidi ikigusa kitambaa kitupu inakila taratibu, miaka ikienda kinakuwa kama karatasi ya zamani.

Haya, vikao. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wameandika saa nane. Mara zote saba nilizoenda hakuna kilichoanza kabla ya saa tisa na robo. Kinafunguliwa kwa sala, yanasomwa ya kikao kilichopita, halafu mtu anauliza habari ya projekta. Hii projekta inajadiliwa tangu kabla sijajiunga, inunuliwe isinunuliwe, na ikinunuliwa itakaa kwa nani, na mi nawaangalia najiuliza hawa watu wanataka projekta ya nini wakati dirisha la kati halifunguki. Mwezi wa nne tukatumia dakika arobaini kwenye kadi za mchango wa harusi ya mtoto wa mwanachama. Nilichanga, sina neno, ila jamani.

Kitu kizuri cha kikao kipo mwishoni, kwa hiyo wenye akili wanakuja saa kumi. Kila mtu anasimamisha kazi yake kwenye stendi, wengine wanasema wanachoona. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema sana, na wema wake hapo hausaidii, kila picha ni "hongera, endelea hivyo hivyo". Lakini kuna mama mmoja mstaafu, anavaa miwani kwenye kamba, yeye anasimama mbele ya picha yako anakaa kimya mpaka unatokwa jasho. Yangu ya Ziwa na mitumbwi aliiangalia akasema "maji yako yamesimama kama ukuta". Niliumia mpaka Mkolani. Kesho yake nikashuka asubuhi mpaka ufukweni nikaangalia maji vizuri, kumbe karibu na wewe mawimbi ni makubwa na yameachana, kadri unavyoenda mbali yanabanana yanakuwa mistari, na mi nilikuwa nimepaka vijiwimbi vinavyolingana kutoka chini mpaka juu kama kitambaa cha meza. Nimeirudia mara tatu. Chai na maandazi vipo, maandazi yanaisha mapema, ndo maana nikasema nenda umeshakula.

Lawama yangu kubwa kwao ni moja na niliwaambia uso kwa uso. Mgeni hawamwambii namna ya kubeba picha mbichi. Mwezi wangu wa pili nikatoka na kanvasi yangu nimeikumbatia, nimepanda daladala, unajua ile ya jioni watu mpaka mlangoni, konda anasema "sogeeni nyuma bado kuna nafasi", nikasogea, na bluu yangu yote ya anga ikabaki kwenye bega la mama mmoja aliyevaa kitenge kipya cha kanisani. Nilitaka ardhi ipasuke. Nimeshuka naye, tumeingia kwenye duka nimenunua tapentaini, nikapaka nikafuta, ikatoka nusu, nyingine nikamlipa. Aliniuliza "kwani hiyo ni nini umechora?" nikamwambia ziwa, akaangalia bega lake akasema basi angalau ziwa. Nilipowasimulia kumbe dawa wanaijua siku zote! Unachukua fremu mbili za saizi moja, unazigeuza uso kwa uso, kila kona unaweka kipande cha malapa yaliyochakaa, unafunga kamba, rangi haigusi kitu. Saivi kuna boksi la vipande vya malapa mlangoni. Hilo boksi ni mimi, naomba historia inikumbuke.

Lingine la kuangalia ni hewa. Spika za duka la chini zikizidi wanafunga madirisha, na tapentaini kwenye chumba kilichofungwa inakupa kichwa kibaya, nilishatoka mara moja nimekaa ngaziani. Matambara yenye linsidi msirundike kwenye kona wala kwenye mfuko wa plastiki, yakikauka yakiwa yamejikunja yanatoa joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila mtu kuwasha kiberiti, sio hadithi, ni ile ile oksijeni. Wana ndoo ya bati yenye maji na mfuniko, itumieni, chini yetu kuna ghorofa zima la vitambaa.

Maonyesho wanafanya mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza niliyoyaona yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini na kiukweli hayakunishika. Picha zimetundikwa juu mno, unaangalia kama unatafuta mjusi darini, vibandiko vyote Kiingereza, bei kwa dola. Na Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, jamani. Nimehesabu saba. Jua linazama nyuma ya jiwe, jua limezama nyuma ya jiwe, jua linataka kuzama nyuma ya jiwe. Najua ndo sura ya Mwanza na wageni wananunua, lakini hili jiji lina mawe mpaka uani kwa watu, mtu anaanika nguo juu ya jiwe kubwa kuliko nyumba yake, kule Mabatini na Igogo nyumba zimeng'ang'ania mlimani kama mbuzi, hayo nani anayachora? Iliyonibakia kichwani ilikuwa ndogo kuliko zote, ipo pembeni karibu na mlango wa jikoni, ya binti mmoja tuliyejiunga naye, wanawake wanageuza dagaa kwenye mchanga. Dagaa wenyewe hakuwachora mmoja mmoja, aliburuza kisu chenye kijivu na nyeupe juu ya kahawia, ukisogea ni uchafu tu, ukirudi hatua tatu nyuma ni dagaa wanametameta. Haikuuzwa siku ile. Ningekuwa nayo hela saivi ipo dukani kwangu.

Ya pili yalikuwa kibanda Nanenane kule Nyamhongolo na hayo ndo yaliniamsha. Nilidhani watu wa mbegu na matrekta watatupita. Kumbe. Mwenzetu alitundika picha kubwa ya ng'ombe wakinywa maji, akaja mzee mmoja na fimbo yake, kofia, akasalimia mwangaluka, akasimama pale labda dakika tano. Akasema "huyu amechorwa na mtu wa mjini". Mwenye picha akauliza kwa nini mzee. Akamwonyesha na fimbo bila kugusa: nundu umeiweka katikati ya mgongo kama ngamia, ng'ombe wetu nundu yake ipo mabegani, na huyu wa nyuma anakunywa maji na amenyoosha miguu ya mbele sawasawa, hawezi kufika. Watu wakajaa, kila mmoja ana lake kuhusu pembe, kuhusu mkia. Hoteli nzima kule hakuna aliyesema neno lolote kuhusu picha yoyote zaidi ya "nice". Na kwa sababu ilikuwa mafuta na tabaka la juu bado bichi, jamaa alikaa na kisu jioni ile ile, akakwangua nundu, akaisogeza mabegani. Mzee akarudi kesho yake na wenzake wawili kukagua. Akasema sasa anaweza kuswagwa.

Kuna safari pia, mwezi wa sita tulienda Bujora, Kisesa, kuchora pale makumbusho ya Wasukuma, lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi linasumbua kweli kwa mtu anayejifunza. Nauli kila mtu yake, chakula beba.

Kwa hiyo mi nawapa saba kwa kumi, na zote saba ni za Mwalimu na yule mama wa miwani. Wakirekebisha dirisha la kati naongeza moja. Demo inayofuata amesema anachora nanasi, na mimi ndo nimepewa kazi ya kulitafuta, nalifuata la Sengerema lenye majani yote yamesimama. Kwenye kikao cha juzi projekta haikujadiliwa kabisa, muda wote ulienda kwenye nani atalikata akimaliza.